Redio Inatoka Nyumbani: Tutazame Ng'ambo ya Ziwa

Mwaka 2008 wenzetu wa Malawi walipofanya sensa, walikuta kwamba katika kila kaya 100 za nchi ile, kaya 64 zilikuwa na redio. Mwaka 2018 walihesabu tena, nao wakakuta kwamba kaya zenye redio zimebaki 34 tu katika kila 100. Kwa muda wa miaka kumi karibu nusu ya nyumba zilizokuwa na redio zimeachwa bila redio. Hapakutangazwa vita, hapakutolewa amri, wala hapakuitwa mkutano wowote wa kulijadili jambo hilo. Redio zilitoka mezani moja baada ya moja, na watu wakaendelea na shughuli zao. Wahenga walisema kweli kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali.

Huenda yupo msomaji atakayeuliza: mambo ya Malawi yatuhusu nini sisi tulio hapa Songea? Yanatuhusu sana. Malawi si nchi ya mbali kwetu. Ndugu zetu wa Mbamba Bay na Liuli wavua samaki katika ziwa lile lile wavualo watu wa Nkhata Bay, na usemi wa ng'ambo moja waeleweka ng'ambo ya pili. Tena, mwendo wetu wenyewe waelekea huko huko. Utafiti wa kitaifa wa kaya uliofanywa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kiasi cha kaya sita katika kila kumi za Tanzania zilikuwa na redio. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ukaonyesha kwamba zimeshuka na kukaribia nusu. Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji.

Leo basi twataka kulitazama jambo hili tangu chanzo chake: nchi hizi mbili jirani ziliipataje redio, kila moja iliitumiaje, na kwa nini sasa redio inatoka katika nyumba za wakulima na wafanyakazi bila mtu kuililia.

REDIO YA SUFURIA

Mwaka 1941, wakati Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepamba moto, Serikali ya Northern Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zambia, ilianzisha kituo kidogo cha redio mjini Lusaka ili jamaa za askari wapate habari za vita. Baada ya vita kituo hicho kiliwekwa kuhudumia Waafrika wa Northern Rhodesia na wa Nyasaland pia, yaani Malawi ya leo. Mkuu wa idara ya habari, Bwana Harry Franklin, aliona upesi jambo ambalo wakubwa wengi hawakuliona: kituo cha redio kisicho na wasikilizaji ni sawa na kengele inayopigwa porini. Mitambo iko, wasemaji wako, lakini Mwafrika hana chombo cha kusikilizia, kwa sababu redio za siku zile zilikuwa kubwa, ghali, na zilihitaji umeme ambao vijijini haukuwako.

Bwana Franklin alihangaika kwa miaka kadhaa akitafuta kampuni ya kutengeneza redio rahisi ya betri. Makampuni ya Uingereza hayakusadiki kwamba Mwafrika angeweza kuwa mnunuzi. Mwishowe, mwaka 1949, kampuni ya betri ya Ever Ready ilikubali. Redio ya kwanza ya majaribio iliundwa ndani ya sufuria, na zile zilizofuata zikawa na umbo hilo hilo la mviringo, zimepakwa rangi ya buluu, na watu wakaziita Redio za Sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5. Betri hiyo iliweza kufanya kazi kwa muda wa saa 300 hivi. Tupige hesabu: mtu aliyesikiliza saa mbili kila jioni aliweza kukaa miezi mitano bila kununua betri nyingine, na kila saa moja ya kusikiliza ilimgharimu kiasi cha senti nane. Haikuwa bei ya maskini hohehahe, lakini mtu mwenye kazi ya mshahara aliweza kuifikia kwa kujinyima. Katika miezi mitatu ya kwanza ziliuzwa redio 1,500, na katika miaka iliyofuata makumi ya maelfu.

Watu wa Nyasaland walikuwa wakienda kwa wingi kufanya kazi katika migodi na mashamba ya kusini. Aliyerudi alirudi na blanketi, baiskeli, na huenda redio. Ndivyo chombo hiki kilivyoingia vijijini: katika mzigo wa mtu aliyetoka kuuza nguvu zake ugenini.

Tanganyika sisi tulianza upande wa pili. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na mwanzoni ilikuwa sauti ya mji ule na vitongoji vyake. Kutoka Dar es Salaam mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na barabara ya siku zile kila mzee wa hapa aijua. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na nguvu ya mitambo ikaongezwa. Lakini hapakuwa na mpango wa redio ya pauni tano kwa ajili ya mkulima. Wenzetu walianza kwa kuuliza, "Mwananchi atasikilizia nini?" Sisi tulianza kwa kuuliza, "Msemaji atasemea wapi?" Na Mngoni au Mmatengo aliyechukuliwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga alikuwa na ujira mdogo mno, ambao mara nyingi uliishia katika kodi, nguo na nauli.

Kwa hiyo mwanzoni wenzetu walitutangulia. Twasema hivi bila haya, maana asiyekubali kwamba alitanguliwa hawezi kujifunza mbio.

CHOMBO NA IMANI

Lakini historia ile ile yatufundisha jambo la pili. Mwaka 1953 Waingereza waliziunganisha Northern Rhodesia, Southern Rhodesia na Nyasaland kuwa Shirikisho, na Waafrika wa Nyasaland walilikataa Shirikisho hilo kwa moyo wao wote. Redio ya Lusaka, iliyopendwa kwa nyimbo zake, michezo yake na lugha zake za Kiafrika, ilipoanza kuonekana kwamba yawapigia watu debe la Shirikisho, wasikilizaji waliitilia shaka. Mwaka 1958 utangazaji wa nchi zote tatu ukawekwa chini ya shirika moja lenye makao yake Salisbury. Redio za Sufuria zilikuwa bado zipo mezani, betri zilikuwa zinafanya kazi, lakini imani ilikuwa imekwisha toka. Mtu alifungua redio apate muziki, na ukweli akautafuta kwingine.

Baada ya uhuru wa mwaka 1964 Malawi ikapata shirika lake, MBC. Hapo tena ikawa sauti ya mtu mmoja. Kwa miaka thelathini ya Rais Kamuzu Banda shirika hilo lilikuwa ndilo la pekee. Tangu mwaka 1968 Chichewa ilifanywa lugha ya taifa, na Mtumbuka wa kaskazini au Myao wa kusini hakusikia lugha yake redioni mpaka baada ya mabadiliko ya mwaka 1994. Redio ziliongezeka sana vijijini, lakini masikio yaliongezewa jambo moja tu la kusikia.

Na sisi je? Mwaka 1965 Serikali ililichukua shirika la utangazaji na kulifanya Radio Tanzania Dar es Salaam. Hatutamficha msomaji kwamba nasi pia tulikuwa na sauti moja Bara mpaka mwaka 1994. Gazeti la Chama halina sababu ya kujifanya halikumbuki. Tofauti yetu na wenzetu ilikuwa katika mambo mawili. La kwanza ni Kiswahili, ambacho kilimwezesha mvuvi wa Lituhi na mchimbaji wa Mwadui kusikia neno moja na kulielewa kwa pamoja, bila mmoja kujiona mgeni katika nchi yake. La pili ni kazi ambayo redio ilipewa. Idhaa yetu iliwafungulia kipaza sauti wapigania uhuru wa kusini, na sauti ya FRELIMO ilivuka mto Ruvuma kutoka Dar es Salaam kabla majeshi ya Wareno hayajaondoka. Na humu nchini redio ilifanywa darasa. Tutalirudia jambo hilo hapo chini, kwa maana ndilo kiini cha maneno yetu.

BETRI KAMA SUKARI

Kilichoshusha bei ya redio katika nchi zote mbili hakikuwa tangazo la serikali bali ni kitu kidogo kiitwacho transista, kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947. Redio za zamani zilikuwa na vioo mfano wa balbu, vilivyopata moto na kula betri kama nzige alavyo shamba. Transista yaweza kuwa ndogo kuliko punje ya mahindi, na yatumia nguvu kidogo mno. Ndipo redio ikaweza kubebwa kwapani na kuendeshwa kwa betri za kawaida za tochi. Malawi wakaunganisha redio zao Blantyre, zilizoitwa Nzeru, maana yake akili. Sisi katikati ya miaka ya 1960 tukapata kiwanda cha Wajapani cha Matsushita mjini Dar es Salaam, kilichotengeneza redio na betri za National, na Arusha kikawako kiwanda cha Philips. Mzee gani wa miaka sitini asiyeikumbuka redio ya National, iliyovikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono ili vumbi lisiingie?

Lakini kumiliki redio na kuisikiliza ni mambo mawili. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi yetu iliishiwa fedha za kigeni. Betri zikawa adimu kama sabuni na sukari. Nyumba zilizokuwa na redio zilikaa miezi bila sauti. Watu walizianika betri juani au kuzipasha moto mekoni ili zipate uhai wa taarifa ya habari moja. Mtu angetuhesabu miaka ile angekuta redio nyingi, na kama angesikiliza madirishani angekuta kimya. Ndiyo sababu twamwonya msomaji asiridhike na hesabu za umiliki peke yake. Redio isiyo na betri ni kabati tu.

Milango ya biashara ilipofunguliwa mwaka 1984, redio na betri za bei nafuu kutoka Asia zilianza kumiminika. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi kuanzisha vituo, na mwaka uliofuata Radio One ikaanza. Songea yetu haikubaki nyuma: Radio Maria ilianza kurusha matangazo yake kutoka hapa mwaka 1996, kabla ya kuenea nchi nzima. Malawi nao, baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1994 na sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 1998, wakapata vituo vingi. Hivyo nchi hizi mbili, zilizoanza kwa njia mbalimbali na kutawaliwa kwa siasa mbalimbali, zilikutana njiani: mwaka 2008 kwao na mwaka 2010 kwetu, kiasi cha kaya sita katika kumi zilikuwa na redio. Kilele hicho kilichukua miaka sitini kufikiwa. Wenzetu wameshuka nusu yake katika miaka kumi.

"SIMU IPO"

Hapa yupo mtu atakayetukatiza. Atasema: "Bwana Mhariri, wasikitikia nini? Redio haikufa, imehamia ndani ya simu." Naye ana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa sensa ile ile ya Malawi ya mwaka 2018 yaonyesha kwamba kaya zaidi ya nusu zilikuwa na simu ya mkononi. Atasema tena kwamba mwaka 1961 UNESCO iliweka kiwango cha chini cha redio 5 kwa kila watu 100 katika nchi zinazoendelea; na kwamba hata hizo kaya 34 za Malawi, ukizigawa kwa idadi ya watu, ni zaidi ya redio 7 kwa kila watu 100. Kiwango kimepitwa, kelele za nini?

Twamjibu hivi. Kwanza, kiwango cha UNESCO kilikuwa kizingiti cha kuanzia safari, si kituo cha kupumzikia. Pili, wastani huficha. Mjini mtu aliyeacha redio ana televisheni, ana simu ya kisasa na ana umeme. Kijijini mtu aliyeacha redio mara nyingi ameiacha kwa sababu imeharibika na fundi amehama, au kwa sababu fedha za betri zimegawanywa kwa daftari la mtoto na mbolea. Wote wawili huandikwa "hana redio" katika karatasi ya sensa, lakini mmoja amepanda gari jingine na mwingine ameachwa njiani.

Tatu, na hili ndilo kubwa, simu na redio si chombo kimoja. Redio hukaa mezani, nayo ni ya nyumba. Mama akiwa jikoni huisikia. Mtoto akiwa anachambua maharage huisikia. Jirani aliyekuja kuazima chumvi husimama mlangoni akaisikia habari ya kipindupindu au ya bei ya mahindi. Simu hukaa mfukoni, nayo ni ya mtu. Ili simu nyingi zinase matangazo ya FM lazima uchomeke waya wa masikioni, ambao ndio eriali yake, na mara nyingi sauti yaishia humo humo masikioni. Mwenye simu akitoka kwenda kilabuni, redio ya nyumba nzima imetoka pamoja naye. Na mwenye simu ni nani? Tafiti za nchi zote mbili zasema kwamba wanaume husikiliza redio zaidi ya wanawake. Ikiwa redio ya mezani inatoweka na ile ya mfukoni ni ya baba, basi anayenyang'anywa habari ni mama, yule yule apandaye, apaliliaye, na kumpeleka mtoto kliniki.

Nne, simu yahitaji kuchajiwa, na mnara wake wahitaji umeme. Mwezi Machi mwaka 2023 tufani iitwayo Freddy iliipiga Malawi ya kusini, ikaua mamia ya watu na kuvunja madaraja; umeme na mawasiliano vikakatika sehemu nyingi. Katika saa kama zile chombo chenye betri mbili, kinachonasa sauti kutoka mamia ya kilomita, ni sawa na mtumbwi wakati wa gharika. Nasi tusijidanganye kwamba tufani zatujua na kutuheshimu: mwezi Mei mwaka 2024 Hidaya alibisha hodi pwani yetu ya kusini, na barabara ya Lindi ikakatika.

MILIMA HAIJUI SIASA

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mkoa huu walijua kuliko watu wa Dar es Salaam. Mawimbi ya kati, yaliyotumiwa na Radio Tanzania miaka mingi, hutambaa juu ya ardhi na usiku hurudishwa na anga, kwa hiyo hufika mbali. Mawimbi ya FM, yanayotumiwa na karibu vituo vyote vya leo, husafi kwa sauti lakini husafiri moja kwa moja kama mwanga wa taa. Yakikuta mlima, yamekoma. Mtu wa mabonde ya Umatengo, mwenye ngoro zake nyuma ya kilima, aweza kuwa umbali mdogo kutoka mtambo na asisikie chochote. Lakini maji ya ziwa hayana mlima, na ndiyo maana mwambao wetu wa Nyasa umezoea kusikia idhaa za ng'ambo kwa urahisi kuliko za kwetu.

Hatuwalaumu ndugu zetu wa mwambao kwa kusikiliza Malawi. Sikio lina njaa yake. Lisipopata chakula nyumbani litakula kwa jirani. Katika miaka ya karibuni Shirika la Utangazaji, likisaidiwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, limejenga mitambo ya FM katika wilaya za mipakani, nayo ni kazi ya kusifiwa. Lakini mtambo mpya kwenye kilima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ile aliyoiona Bwana Franklin mwaka 1949: mwananchi atasikilizia nini? Yatisha kwamba baada ya miaka zaidi ya sabini twaweza kurudia kosa lile lile la Sauti ya Dar es Salaam, la kujenga mdomo tukasahau sikio.

DARASA LA MWAKA 1973

Sasa turudi kwenye jambo tuliloliahidi. Mwaka 1973 nchi hii haikuwa na redio nyingi. Hata hivyo mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu walikusanyika kwa vikundi, shuleni, chini ya mwembe, penye ofisi ya Chama, wakasikiliza kipindi kimoja kwa juma, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Waliandaliwa makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mamia ya maelfu ya vyoo vilichimbwa. Mbele yake ilikuwapo kampeni ya Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, na nyuma yake Chakula ni Uhai ya mwaka 1975.

Angalia basi ajabu hii. Mwaka 1973, tulipokuwa na redio chache, redio moja ilisikilizwa na watu ishirini, na watu ishirini wakachimba choo. Mwaka 2010, tulipokuwa na redio katika kaya sita kati ya kumi, redio nyingi zilipiga muziki wakati watu wakifanya mambo mengine. Hatuudharau muziki. Lakini ni dhahiri kwamba faida ya redio haikutokana na wingi wa redio peke yake; ilitokana na watu kukaa pamoja, kuulizana na kuazimia. Malawi nao walilitambua hili: mwishoni mwa miaka ya 1990 MBC ilianza kufanya kazi na vilabu vya wasikilizaji vijijini, ambamo wanakijiji wenyewe husema shida zao katika kipaza sauti na wakubwa hutakiwa kujibu. Hapo wao waliongeza kitu ambacho sisi mwaka 1973 hatukuwa nacho cha kutosha: redio ya kwetu ilimfundisha mwananchi, redio ya vilabu ilimsikiliza pia. Tukichukua kikundi chetu cha mwaka 1973 na kipaza sauti chao, tutakuwa na chombo kilicho bora kuliko vyote viwili.

LIFANYWE NINI?

Hatuandiki ili tulie. Twapendekeza mambo manne, nayo yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza: kila ofisi ya kijiji, kila zahanati, kila shule ya msingi na kila chama cha ushirika cha mazao katika mkoa huu kiwe na redio moja iliyo nzima, yenye kuendeshwa kwa jua au kwa betri, na awepo mtu aliyepewa dhamana yake kwa jina. Ruvuma ni mkoa wa mahindi. Si haki mkulima wa Namtumbo au Madaba apate habari ya kufunguliwa kwa ununuzi wa mahindi kutoka kinywani mwa mlanguzi aliyekuja na mizani yake.

La pili: matawi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi yafufue vikundi vya kusikiliza. Hakuna sheria inayohitajika wala bajeti ya kutisha. Zahitajika saa moja kwa juma, benchi, na mtu ajuaye kuongoza mazungumzo bila kuyafanya hotuba. Saa hiyo na ichaguliwe na kina mama, kwa kuwa wao ndio wenye saa chache kuliko wote.

La tatu: wanaotangaza wazipitie saa zao. Kipindi cha kilimo kinachosomwa wakati mkulima yuko shambani, kwa Kiswahili cha semina, hakikumkusudia mkulima. Kilikusudia taarifa ya mwaka. Na msemaji akumbuke yaliyoipata redio ya Lusaka wakati wa Shirikisho: wasikilizaji hawatoi notisi wanapoacha kuamini. Huacha tu.

La nne: wahesabuji wetu wasitosheke kuuliza "Je, kaya hii ina redio?" Waulize pia inafanya kazi au haifanyi, ni nani huishika, na mama wa nyumba alisikiliza lini mara ya mwisho. Sensa ya mwaka 2022 ilituambia kwamba mkoa wa Ruvuma una watu zaidi ya milioni 1.8. Twataka kujua ni wangapi kati yao wawezao kusikia neno la taifa lao ndani ya saa moja, hata siku ambayo umeme umekatika na mnara wa simu umelala. Hiyo ndiyo hesabu yenye maana.

Hatusemi simu ni adui. Simu imemkomboa mtu aliyekuwa akitembea siku mbili kupeleka habari ya msiba. Hatusemi wala kwamba siku za nyuma zilikuwa nzuri kuliko hizi. Tumekumbusha wenyewe betri zilizoanikwa juani. Tusemalo ni hili: kitu kilichochukua miaka sitini kuingia katika nyumba ya maskini hakifai kuruhusiwa kutoka kwa miaka kumi bila hata mtu kuuliza kinakwenda wapi na kinaacha nini nyuma yake. Wenzetu wa ng'ambo wamekwisha tupa hesabu. Jioni ya leo, ndugu msomaji, kabla hujalala, itazame meza ya nyumba yako. Kama redio ipo, ifungue watu wa nyumba yako wote wasikie. Kama haipo, ulizia iliondoka lini, na nani katika nyumba hiyo tangu siku ile hajasikia habari isipokuwa kwa kusimuliwa.